Kamera porini: kulungu wangu kaenda wapi, na maswali yenu mengine

Toleo lililopita niligusia kwa aya mbili tu habari ya kamera za porini, zile unafunga kwenye mti zinapiga picha zenyewe mnyama akipita, na jinsi Waswahili waliohamia Marekani wakapata nyumba yenye kaeneo kidogo nyuma wanavyozitumia kuangalia kulungu. Meseji zilivyomiminika sasa! Wengi mko Iowa, Kentucky, Ohio na Texas, na mmoja kaandika kutoka Mufindi. Nimechagua zinazogusa wengi, zilizofanana nimeziunganisha. Kulungu ninaowasema ni wale wa mkia mweupe, akishtuka anauinua unabaki kuona weupe tu unayoyoma vichakani.

Jambo yaya, miye ni wa Bukavu lakini saa hii tuko Iowa na familia. Nilinunua kamera mbili nikazifunga kwenye miti nyuma ya nyumba. Ziko zinachukua picha mingi sana lakini karibu zote ni majani na jua, kulungu akionekana ni mkia na matako tu. Kamera ni mbovu ao ni mimi?

Jambo sana baba. Kamera ni nzima, umeifunga vibaya tu, na karibu kila mtu anaanzia hapo hapo. Hicho kijicho cha mbele hakimwoni kulungu hata kidogo, kinachohisi ni joto linalosogea, yaani kitu chenye joto tofauti na kilicho nyuma yake kikipita mbele basi kamera inaamka. Sasa tawi lililopigwa jua likapata moto alafu upepo ukalitikisa, kwa kamera hilo ni mnyama. Ndo maana unajaziwa majani. Kata matawi na nyasi ndefu zote zilizo mbele, na lens uielekeze kaskazini kama eneo linaruhusu, kwasababu ukielekeza mashariki au magharibi jua la asubuhi au la jioni linaingia moja kwa moja, na hizo ndo saa kulungu wanatembea kuliko saa zote.

Matako nayo yana sababu yake. Umeifunga ikitazama njia yao kwa upana, mnyama anakatiza mbele haraka na kamera ina ucheleweshaji kidogo kati ya kuhisi na kupiga, ikipiga mwenzio keshapita. Igeuze itazame njia kwa mshazari, nyuzi 45 hivi, ili akija au akienda abaki mbele yake kwa sekunde kadhaa. Urefu kama kiunoni, futi 3 hivi kutoka chini, na umbali mpaka njiani futi 15 mpaka 20. Ukimaliza pita mwenyewe mbele yake kwa mwendo wa kulungu, polepole, simama, endelea, alafu angalia imekupata vipi. Usiondoke kabla ya hiyo.

Alafu saa. Watu wanaweka tarehe haraka haraka wakiwa wamesimama kwenye baridi, wanachanganya AM na PM, miezi mitatu baadae anakwambia kulungu wangu mimi wanatembea mchana kweupe. Ukiona picha ni nyeusi na nyeupe ya usiku wakati maandishi ya chini yanasema saa saba mchana, jua kilichotokea. Na Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani wanaporudisha saa nyuma, wewe ya kamera usiiguse, iache ilivyo mwaka mzima, maana kulungu hana habari na hiyo Jumapili na ukigusa itaonekana wote wamebadili ratiba usiku mmoja, tena ni kipindi kile kile madume wanachangamka, utashindwa kujua kipi ni kipi. Kamera za laini ya simu, zile zinazokutumia picha papo hapo, nyingi zinajibadilisha saa zenyewe, hiyo uandike pembeni kwenye daftari lako.

Betri, baridi ya Iowa ikiingia achana na alkalaini, tumia litiamu zile zisizochajiwa. Bei inauma ila alkalaini kwenye barafu volti zinashuka na fleshi ya usiku ndo inakufa kwanza, unabaki na kamera ya mchana tu bila kujua.

Kaka habari. Sisi ni ndugu watatu tuna ekari 60 Missouri, tumefunga kamera kadhaa na tuna picha karibu elfu moja. Mdogo wangu anasema tuna kulungu zaidi ya hamsini, mi nasema ni wale wale wanarudi rudi. Nani yuko sahihi?

Uko sahihi wewe, ila na wewe usishangilie sana, utaona mbele.

Idadi ya picha sio idadi ya kulungu. Jike mmoja akipenda mahali anaweza kupita hapo asubuhi na jioni kila siku, na kwa kuwa majike hawana pembe huwezi kusema huyu ndo yule wa jana. Dume ndo anajulikana. Ana pembe, na hakuna madume wawili wenye pembe sawa sawa ukizitazama vizuri, hesabu ncha, angalia zile fupi za mbele juu ya macho, upana, kama moja imepinda au imevunjika, kama sikio lina mpasuko. Hapo ndipo ilipoanzia njia ambayo Harry Jacobson na wenzake waliichapisha mwaka 1997, na mpaka leo wenye mashamba wanaitumia. Unafunga kamera zilizotapakaa sawasawa, siku hizi wengi wanashauri moja kwa kila ekari 100 hivi, kila moja mbele ya chambo, unaziacha siku 10 mpaka 14, unaweka setingi ipumzike dakika tano hivi kati ya picha na picha. Baada ya hapo unahesabu vitu vinne: picha za madume zote, picha za majike zote, picha za watoto zote, na madume tofauti uliowatambua kwa pembe.

Tuchukue namba za mfano. Madume wametokea mara 240 kwenye picha ila ukiwatambua ni madume 6 tu. Gawa 6 kwa 240 unapata 0.025. Hiyo namba ndo ufunguo, unachukulia kwamba majike na watoto nao wanajirudia kwa kiwango hicho hicho. Majike wametokea mara 480, zidisha kwa 0.025, ni 12. Watoto mara 200, ni 5. Jumla 23 kutoka picha 920. Mdogo wako ukimwonyesha hii atanyamaza.

Lakini ona tatizo lilipo. Njia yote imesimama juu ya kudhani kwamba jike na dume wanakuja kwenye chambo sawasawa, na hawaji sawasawa. Dume mkubwa akikaa kwenye chakula, masikio kayalaza nyuma, nywele za mgongo zimesimama, wengine wanasubiri pembeni, na jike mwenye mtoto mdogo anaweza asije kabisa. Kwahiyo hesabu ya majike na watoto mara nyingi inatoka chini. Ndo maana pia tarehe ni muhimu mno: ukifanya Juni watoto bado wamefichwa majanini, ukifanya Februari madume wengi wameshadondosha pembe utawahesabu kama majike. Mwisho wa Agosti na Septemba mwanzoni ndo pazuri, pembe zimekamilika na watoto wanatembea na mama zao huku madoa bado yapo, hata mtoto wa shule atawatambua.

Na la pili, ambalo watu hawapendi kulisikia. Ekari 60 haziwezi kuwa na kulungu 23 "wenu". Eneo analozungukia kulungu mmoja kwa mwaka mara nyingi linakaribia maili moja ya mraba, yaani ekari 640, dume ndo zaidi. Nyinyi mna kipande cha njia yao. Wanalala kwa jirani, wanakula soya ya jirani wa pili, wanakatiza kwenu kwenda kunywa maji. Kamera inakwambia kuhusu mti ulioifunga na mita kadhaa mbele yake, basi, na ukiikumbuka hiyo kila unapofungua memori kadi hutadanganyika. Ukitaka namba ya maana, ongea na majirani mfunge kamera pamoja kwenye ekari mia kadhaa. Ikishindikana, acha kutafuta idadi, fuatilia mabadiliko: kamera zile zile, miti ile ile, tarehe zile zile kila mwaka, alafu linganisha watoto kwa majike mwaka huu na mwaka jana. Hapo ekari 60 zinakutosha kabisa.

Chambo nacho uulizie kwanza kabla hujamwaga hata debe moja, nitakuja huko.

Shikamoo anko. Nipo Kentucky. Kulikuwa na dume moja zuri sana lilikuwa linakuja kila jioni Julai na Agosti pamoja na wenzake watatu, watoto wangu wakalipa na jina. Septemba katikati wote wakapotea. Mume wangu anasema limeshaliwa. Kweli? Na mwezi mkubwa nao unawabadilishia mwendo?

Marahaba mwanangu. Waambie watoto wasilie bado.

Kiangazi madume wanakaa kama kikundi cha vijana wasio na majukumu, wanakula pamoja, wanalambana, wanatembea mchana bila wasiwasi, pembe zao zimefunikwa na ile ngozi laini yenye manyoya na zikigongwa zinauma kwahiyo hawagombani, wakikasirikiana wanasimama kwa miguu ya nyuma wanarushiana kwato. Septemba mwanzoni ngozi inakauka wanaisugua kwenye miti inatoka, homoni za kiume zinapanda, na ghafla yule rafiki wa jana hamvumilii. Kikundi kinavunjika. Baadhi ya madume wanahama kabisa kwenda eneo lao la msimu wa majani kudondoka, wengine wanabaki pale pale ila wanabadili ratiba wanatoka usiku. Wakati huo huo mbegu za mwaloni, ule mti wanaouita oak, zinaanza kuanguka, na kulungu akipata mbegu za mwaloni mweupe, soya iliyoanza kunyauka haitazami tena.

Sasa kamera yako iko wapi? Naweza kukisia, ukingo wa shamba, pale pale Julai ulipoifunga. Kulungu hajafa, meza imehama. Kaifunge penye mialoni, au utafute mkwaruzo. Mkwaruzo ni sehemu dume amekwangua majani na udongo kwa kwato mpaka ardhi ikabaki tupu, kama upana wa sinia ya pilau, na juu yake lazima kuna tawi limening'inia usawa wa uso wake. Watu wanaangalia ardhi wakati tawi ndo habari yenyewe. Anakuja, ananusa kwanza, anaweka ncha ya tawi kinywani analitafuna taratibu kama mtu anayejaribu mswaki, anasugua paji la uso na ile tezi ya pembeni ya jicho, ndo baadae anakwangua na kukojolea kupitia kwenye miguu ya nyuma. Majike wanakuja wananusa wanaondoka, madume wengine nao wanaacha harufu zao juu ya hiyo hiyo. Weka video ya sekunde 15 au 20 badala ya picha, picha moja haitakuonyesha mpangilio huo. Mikwaruzo inachangamka mwisho wa Oktoba na Novemba mwanzoni, na usishangae karibu video zote zikiwa za usiku, ndivyo ilivyo, dume mkubwa mchana anaukwepa.

Novemba katikati kwa majimbo mengi ya huko kwenu ndo kilele cha kupandana, na hapo atatokea dume hujawahi kumwona, picha moja tu, alafu basi. Alikuwa anapita. Mimi picha za aina hiyo nawashauri watu wasizijengee hadithi yoyote.

Na kuhusu mwezi mkubwa, maana umeuliza mwishoni, watu wa kuwinda wana kalenda nzima za mwezi ukutani. Kulungu waliovishwa kola za GPS na kufuatiliwa na watafiti, Pennsylvania wakiwemo, wameonyesha mwezi hauwasogezi kiasi hicho, alfajiri na magharibi zinabaki pale pale mwezi uwe mpevu au usiwepo.

Dume lenu lipeni hadi Januari mwishoni, chakula kikiisha huko wengi wanarudi. Ila akirudi bila pembe hamtamjua, kwahiyo sahivi kwenye picha za Agosti tafuta alama nyingine, kovu, sikio, doa jeupe la shingoni limekaaje.

Kamera imempata mtoto wa kulungu amelala peke yake kwenye majani marefu kutwa nzima, mama hayupo. Nimuite nani? Au nimchukue nimpe maziwa? (Mama wa Wanne, Ohio)

Mama usimguse kabisa, hajaachwa.

Watoto wanazaliwa mwisho wa Mei na Juni, na wiki zile za mwanzo kazi ya mtoto ni kulala akanyamaza. Hana harufu kali, madoa yake yanafanana na jua linalopenya kwenye majani, na mama kwa makusudi anakaa mbali ili harufu yake yeye isimwelekeze kayoti, yule mbwa mwitu mdogo wa Marekani, hapo. Anakuja mara chache kwa siku, ananyonyesha, anamlamba sehemu ya nyuma mpaka amalize haja na anazila kabisa ili kusibaki harufu, alafu anamhamishia kichaka kingine. Kama alizaa mapacha, na jike mkubwa mara nyingi anazaa mapacha, mwingine kamficha mbali na huyo. Ukiacha kamera hapo bila kurudi rudi kuichungulia utaona mama anavyokuja jioni. Kila ukienda unaacha njia ya harufu mpaka mlangoni kwa mtoto, na kayoti ana pua. Na kumchukua mnyama pori nyumbani majimbo mengi ni kosa kisheria, hata kwa huruma.

Kwenye picha za usiku kulungu anaitazama kamera moja kwa moja, macho yanawaka. Anaiona? Inamtisha? Nimesoma kuna za mwanga mwekundu na za giza kabisa, tofauti yake nini?

Macho kuwaka ni kawaida, nyuma ya jicho ana tabaka linalorudisha mwanga ili aone gizani, paka anayo pia. Kuhusu mwanga, kamera nyingi za bei ya chini zinatumia infraredi ya nanomita 850, hiyo ukiwa mbele yake usiku unaona vitaa vyekundu hafifu. Zile za nanomita 940 hazionekani kwa jicho la mtu, ila picha inatoka na giza zaidi na umbali unapungua. Kulungu hana macho mazuri kwenye rangi nyekundu, anaona bluu vizuri, lakini vitaa vya 850 wapo wanaovigundua, unamwona kanyoosha shingo, mguu mmoja wa mbele kauinua, anapiga chini, anasubiri. Wengine ni mlio mdogo wa kamera ikijifungua, wengine ni harufu ya mikono yako kwenye mkanda. Vaa buti za mpira na glavu, na ukitaka kusoma tabia za kweli ifunge juu zaidi ya usawa wa macho yake, futi 6 au 7, uiinamishe.

Kumbuka tu kwamba anayeikwepa kamera hutampata kwenye picha, utapata wale wasiojali, alafu utasema kulungu wangu hawaogopi kamera.

Na hii kitu sio mpya jamani. George Shiras wa Tatu, aliyekuwa mbunge wa Pennsylvania, alikuwa anaingia ziwa la Whitefish kule Michigan usiku kwa mtumbwi na taa, anawapiga picha kulungu hawa hawa kwa fleshi ya unga wa magnesiamu, na akatega kamera kwa uzi, mnyama akikanyaga uzi anajipiga picha mwenyewe. Julai 1906 jarida la National Geographic likatoa picha zake 74. Ule unga ulikuwa unalipuka kweli kweli, sasa fikiria kulungu aliyekuwa anakunywa maji yake kwa amani. Wewe na vitaa vyako vyekundu umemstahi sana.

Jirani yangu kafunga kamera kwenye mpaka inatazama kwangu. Na nimesikia kuna sehemu kamera zimekatazwa kabisa, na chambo pia. Sheria ikoje?

Kila jimbo na lake, kwahiyo fungua tovuti ya idara ya wanyamapori ya jimbo lako kabla ya kila msimu, zinabadilika mno. Arizona kwa mfano tangu Januari 2022 ni marufuku kutumia kamera hizi kusaidia kuwinda. Kwingine shida ni zile za laini ya simu zinazokutumia picha papo hapo, wanaona mtu anakaa sebuleni anasubiri simu ilie ndo atoke na bunduki, na mimi kwakweli siwalaumu wanaozibana. Kuzitumia kuangalia tu kwenye ardhi yako mwenyewe kwa kawaida hakuna shida. Kitu kimoja watu wetu wanakosea: ardhi ni yako, kulungu sio wako, ni wa umma na jimbo ndo linawasimamia, kwahiyo hata uani kwako kuna unachoruhusiwa na usichoruhusiwa.

Chambo kinakatazwa sehemu nyingi kwasababu ya ule ugonjwa wa kudhoofika unaoharibu ubongo, uligunduliwa mara ya kwanza 1967 kwa kulungu waliokuwa wanafugwa kituo cha utafiti Colorado. Sio bakteria wala virusi, ni protini iliyopinda, inatoka kwenye mate, mkojo na kinyesi, inakaa kwenye udongo kwa miaka, na haina dawa. Ukimwaga mahindi sehemu moja kulungu thelathini wakaweka midomo hapo, hesabu mwenyewe. Kama kwenu hairuhusiwi, funga kamera kwenye njia, kwenye kivuko cha kijito, pengo la uzio, mkwaruzo. Na kamera yako ikinasa kulungu aliyekonda mpaka mbavu, anatokwa mate, kichwa kimeinama, masikio yamelegea, haogopi mtu, hiyo picha uwapelekee idara siku hiyo hiyo na mahali penyewe. Hapo umesaidia kweli.

Jirani, nenda ukaongee naye kwanza. Mara nyingi hajakusudia. Mwombe aigeuze itazame kwake, na wewe zako zisitazame nyumba ya mtu wala kibaraza chake.

Picha zangu zinaweza kuwa na faida kwa watafiti?

Ndio. North Carolina kuanzia 2016 walikuwa wanaazimisha kamera kupitia maktaba za umma, mtu anachukua kamera anavyochukua kitabu, wakafikia kaunti zote 100. Wisconsin idara ya maliasili iliwapa kamera wenye ardhi ya kuanzia ekari 10, na picha zao ndo zikawa zinasaidia kujua uwiano wa watoto kwa majike. Kuna pia mradi ambao msimu wa majani kudondoka wa 2019 ulifunga kamera majimbo yote 50. Uliza chuo cha jimbo lako. Watakachokuuliza cha kwanza sio dume kubwa, ni tarehe ya kufunga, tarehe ya kutoa, na mahali. Picha nzuri isiyo na hivyo vitatu hawana pa kuiweka. Na usifute picha tupu kwenye zile unazowapa, kwao siku ambayo hakuna kitu nayo ni data, ilimradi kamera ilikuwa hai.

Habari za huko. Niko Mufindi, nina shamba la chai na kipande cha msitu wa asili bondeni. Usiku nasikia wanyama, asubuhi naona nyayo ndogo ndogo za kwato. Hizo kamera zinaweza kufanya kazi huku?

Nzuri sana ndugu yangu, na wewe una bahati kuliko hao wote wa juu, kwasababu hapo kwenu hata hujui utakachokipata.

Milima ya Udzungwa, mkoani kwenu hapo hapo, mwaka 2005 kamera kama hizi zilinasa mnyama mdogo mwenye pua ndefu na uso wa kijivu, sengi ambaye sayansi ilikuwa haimjui, akatangazwa rasmi 2008. Minde pia, yule swala mweusi wa msituni asiyepatikana nchi nyingine yoyote zaidi ya Tanzania, anatembea usiku na ni msiri kiasi kwamba picha zake za porini zilianza kupatikana kwa kamera tu, miaka ya 2000. Serengeti nako tangu 2010 walisambaza kamera 225 kwa mpangilio wa gridi. Kwahiyo teknolojia huku ina historia.

Nyayo zako zinaweza kuwa za mbawala, za digidigi sidhani kwa baridi hiyo na msitu mnene, za paa wa msituni inawezekana kabisa, na kama kipande chako kimeungana na msitu mkubwa simtoi hata minde. Ukubwa wa mnyama unabadilisha kila kitu nilichowaambia wa Iowa: shusha kamera iwe usawa wa goti au chini yake, isogeze karibu, mita 3 hivi kutoka njiani, la sivyo atapita chini yake.

Baridi ya Mufindi inakusaidia, kile kijicho cha joto kinafanya kazi vizuri tofauti ya joto ikiwa kubwa. Ungekuwa Kilombero mchana wa jua kali, hewa inakaribia joto la mwili wa mnyama, kamera inapitwa na wanyama mbele yake haistuki. Adui yako wewe ni ukungu. Lens inafunikwa asubuhi na unyevu unaingia ndani, weka vile vipakiti vinavyonyonya unyevu, vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na ubadilishe kila ukienda. Sisimizi wanapenda kuingia kwenye kasha na kutaga humo, hakikisha mpira wa mlango umekaa. Na watu. Funga kwa nyaya ya chuma na kufuli, waambie vibarua na majirani ni kamera ya wanyama na uwaonyeshe picha zilizotoka, anayejua ni ya nini haitamtia wasiwasi.

Kwa kujiangalizia shambani kwako anza tu. Ukitaka kuufanya utafiti wa kuchapishwa ndo unahitaji kibali, TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na ni bora ukamtafuta mtu wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine pale Morogoro, mkafanya pamoja. Ukinasa watu wenye mitego ya waya humo bondeni usiende mwenyewe, wapelekee maafisa wanyamapori wa wilaya picha zikiwa na tarehe na saa sahihi, kwahiyo ile habari ya AM na PM ya juu uisome na wewe.

Anza na kamera moja, bondeni penye maji, mwezi mzima bila kuigusa.